Mgongo Umepasuliwa na Bado Unauma: Tusinyamaze



Katika toleo hili tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limo ndani ya nyumba nyingi lakini halitajwi kikundini. Jambo lenyewe ni maumivu yanayobaki baada ya mtu kufanyiwa upasuaji wa mgongo.

Tulianza kulifikiria kwa sababu ya mama mmoja wa huku milimani. Hatutamtaja jina wala kijiji chake. Mama huyu aliumwa na mgongo kwa miaka, maumivu yakiteremka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole gumba. Kikundi chake na Jumuiya yake wakafanya harambee, mume akauza ng'ombe, mama akapelekwa kupasuliwa. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa nyimbo. Na kweli, ule uchungu wa mguu ulikuwa umepungua. Lakini miezi minne baadaye mgongo ulikuwa bado unauma, na usiku mguu ulikuwa ukiwaka kama umepakwa pilipili.

Mama hakusema. Tulipomwuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alitujibu hivi: "Watu wamechanga, ng'ombe ameuzwa. Nitawaambia bado naumwa kwa uso gani?" Basi akawa anamtuma mtoto dukani kununua vidonge vya maumivu, kwanza viwili kwa siku, halafu vinne, halafu akawa hahesabu tena. Aliendelea hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Siku moja alfajiri alitapika damu, na kama si jirani mwenye pikipiki, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Vile vidonge vilikuwa vimemtoboa tumbo kwa vidonda.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama huyu hakuwa amekosea kwa kuumwa, wala wale waliochanga hawakupoteza pesa zao. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba maumivu kama hayo yanajulikana, yana jina hospitalini, na yana matibabu yake. Ndiyo sababu tunaandika.

MGONGO UMEJENGWA NAMNA GANI?

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kila mfupa huitwa pingili. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo wa kukalia, ambacho madaktari hukiita diski. Ndani ya mifupa hiyo kuna njia, na katika njia hiyo hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na sehemu ya haja kubwa.

Kiunoni tuna pingili tano kubwa, nazo ndizo zinazobeba mzigo wote: mtungi wa maji, kuni, majani ya ng'ombe, na mtoto mgongoni. Mto ule ukipasuka, sehemu ya ndani hutoka na kubana mshipa wa fahamu. Ndipo mtu husikia maumivu yanayoteremka mguuni kama umeme. Wengine hubanwa kwa sababu ile njia ya mishipa imekuwa nyembamba kwa uzee.

Upasuaji wa kuondoa kipande cha diski ulianza kujulikana duniani baada ya madaktari wawili wa Boston huko Marekani, Mixter na Barr, kuandika habari zake mwaka 1934. Tangu wakati huo watu wengi sana wamesaidiwa. Lakini ni vizuri tufahamu jambo moja ambalo mara nyingi wagonjwa hawaelezwi vya kutosha: upasuaji wa namna hii husaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko maumivu ya mgongo wenyewe. Daktari anaondoa kile kinachobana mshipa. Hampi mtu mgongo mpya.

JE, NI KAWAIDA KUUMWA BAADA YA KUPASULIWA?

Kwa muda fulani, ndiyo. Kidonda huuma kwa wiki kadhaa. Misuli iliyokatwa au kusukumwa kando huchukua muda zaidi kurudi katika nguvu zake. Mshipa uliobanwa ndio unaochelewa kuliko vyote.

Tuchukue mfano wa shambani. Ukikuta jiwe limelalia mche wa mahindi, ukiliondoa mche hausimami papo hapo. Utabaki umepinda na wenye rangi ya manjano kwa siku nyingi, na kama jiwe lilikaa mno, huenda usirudi kuwa kama wenzake. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa hukua taratibu sana, kiasi cha milimita moja kwa siku. Kwa hiyo ganzi na michomo mguuni yaweza kuendelea kwa miezi, na bado mtu akawa anaelekea kupona.

Jambo la kuangalia ni mwelekeo. Je, wiki hii ni afadhali kuliko mwezi uliopita? Kama ndiyo, endelea na mazoezi na uvumilivu. Lakini kama miezi mitatu imepita na maumivu hayapungui, au yalipungua kisha yakarudi, hayo sasa madaktari huyaita maumivu sugu, nayo yanahitaji kuchunguzwa yenyewe kama ugonjwa.

Wala usidhani uko peke yako. Tafiti za nchi mbalimbali hutaja kwamba katika kila watu 100 waliopasuliwa mgongo wa chini, kati ya 10 na 40 hubaki na maumivu ya namna fulani, kutegemea ugonjwa waliokuwa nao na aina ya upasuaji. Hiyo ni idadi kubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia bado anaumwa, si mvivu, wala hakurogwa.

KWA NINI MAUMIVU HUBAKI?

Sababu ni nyingi, na matibabu hutegemea sababu. Hizi ndizo zinazoonekana mara kwa mara:

1. Mshipa ulibanwa kwa muda mrefu kabla ya upasuaji, ukawa umeumia. Kibano kimeondolewa lakini jeraha la mshipa limebaki.

2. Diski imetoka tena mahali pale pale, au nyingine ya jirani imeharibika.

3. Kovu limeota ndani na kuuzunguka mshipa.

4. Chuma au skrubu zilizowekwa zimelegea, au mifupa iliyotakiwa kuungana haikuungana.

5. Kuna viini ndani ya kidonda au ndani ya mfupa.

6. Maumivu yanatoka mahali pengine, kwa mfano kwenye nyonga au kwenye kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na mifupa ya kiuno.

7. Kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huweza kula pingili za mgongo. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika mimba iliyotoka ya mnyama, nao huumiza mgongo. Kwa wanaume wazee, saratani ya tezi dume huweza kusambaa mpaka mifupa ya mgongo.

8. Misuli imekuwa dhaifu kwa sababu mtu aliogopa kusogea baada ya kupasuliwa, akalala kitandani miezi.

9. Mishipa imezoea kupiga kelele. Baada ya miaka ya maumivu, mishipa na ubongo huwa kama mbwa aliyezoea kubweka, hata jani likianguka anabweka. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, mtu hajifanyi, ingawa picha haionyeshi kitu.

Mtaona kwamba sababu chache tu kati ya hizi huondolewa kwa kisu. Kwa hiyo usikimbilie kusema, "Wanipasue tena." Na usikimbilie kusema, "Waliharibu." Kwanza ijulikane sababu.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE KESHO

Kuna dalili ambazo hazingojei siku ya kliniki. Tunaomba katibu wa kikundi azinakili na kuzisoma kwa sauti:

- Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujijua.
- Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, pale mtu anapokalia.
- Mguu unaozidi kulegea, mtu anaburuta wayo au anaanguka.
- Homa, baridi na kutetemeka, au kidonda kuvimba, kuwa chekundu na kutoa usaha.
- Maji maji meupe kama ya kunywa yakitoka kwenye kidonda, pamoja na kuumwa na kichwa mtu akisimama au akikaa.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kubana ghafla na pumzi kukatika.
- Kupungua uzito, kutokwa jasho usiku, na maumivu ambayo hayatulii hata ukilala.
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.

Zile mbili za kwanza ni za dharura kubwa. Mishipa ya kibofu ikibanwa, kila saa ni ya thamani, na ukichelewa mtu anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Tafuteni gari usiku huo huo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ukiambiwa urudi kesho na una dalili hizo, sema tena kwa heshima lakini kwa uthabiti: "Hawezi kukojoa, na amekufa ganzi hapa anapokalia."

TUENDE WAPI?

Watu wengi hufikiri kwamba wakiumwa baada ya upasuaji ni lazima waende moja kwa moja Nairobi. Sivyo. Kuna ngazi, na zikifuatwa vizuri zinaokoa nauli.

Kwanza ni mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji, pamoja na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo utapimwa homa, shinikizo la damu na mkojo, na utaandikiwa barua ya rufaa.

Pili ni hospitali ya kaunti ndogo. Kwa sisi wa Wundanyi ni Wesu, na wenzetu wa chini wana Mwatate na Taveta. Kutoka hapo mtu hupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Moi, iliyoko Voi. Nendeni na barua, na uliza kabla hujasafiri siku ya kliniki ya mifupa ni ipi, kwani ni uchungu kuteremka milima yote kwa matatu halafu kuambiwa kliniki ilikuwa jana.

Tatu ni hospitali kuu ya Pwani iliyoko Mombasa, ambayo watu huiita Makadara, au Kenyatta kule Nairobi, ambako wako madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu na mgongo. Kwa mgonjwa wa mgongo, safari ya kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu ni mateso. Tangu mwaka 2017 gari moshi jipya hupita Voi, na ndani yake mtu anaweza kusimama na kutembea kidogo. Wa kwenda kwa matatu aombe kushuka na kujinyoosha pale gari linaposimama.

Ikiwezekana, rudi kwanza kwa daktari au hospitali iliyokupasua, kwani wao wanajua walifanya nini ndani. Kama huridhiki, unayo haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Haki hiyo imeandikwa katika Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013. Kutafuta maoni ya pili si kumtukana daktari wa kwanza, na daktari mzuri hakasiriki.

UBEBE NINI, USEME NINI?

Tumeona wagonjwa wakifika mbele ya daktari bingwa mikono mitupu. Karatasi zilinyeshewa, au mtoto alizichorea. Daktari hajui palikatwa wapi, anaanza upya, na picha zinapigwa tena kwa gharama. Kwa hiyo weka vitu hivi katika mfuko mmoja wa plastiki, na uning'inize juu mahali pakavu:

- Karatasi ya kutolewa hospitalini na maelezo ya upasuaji. Kama hukupewa, nenda ukaombe nakala.
- Picha zote za eksirei na za MRI, za kabla na za baada.
- Majina ya dawa zote unazotumia, au leta pakiti zenyewe. Taja na zile za miti shamba. Usifiche.
- Kitambulisho na nambari yako ya SHA.

Halafu andika, au mwambie mtoto wa shule akuandikie, habari za maumivu yako kwa wiki mbili. Daktari ana dakika chache tu. Ukisema "naumwa tu mwili mzima", hana pa kushika. Lakini ukisema, "Maumivu ya mguu yaliisha miezi miwili, yakarudi nilipoinua mtungi, yanaanzia hapa yanaishia hapa, yanawaka usiku, nikitembea mpaka sokoni ni lazima nikae mara tatu," umemsaidia sana. Eleza pia kama ni maumivu yale yale ya zamani au ni mapya. Hilo peke yake linamwonyesha daktari njia. Maumivu ambayo hayakuondoka hata siku moja yana sababu tofauti na maumivu yaliyoondoka yakarudi.

Nenda na mtu. Masikio manne husikia kuliko mawili. Na usitoke kabla ya kuuliza maswali haya: Je, unafikiri sababu ni nini? Kuna kipimo gani kingine? Tunaweza kufanya nini bila kupasua? Kama ni kupasua tena, unatarajia kupunguza maumivu gani, na hatari zake ni zipi?

MATIBABU NI YA NAMNA GANI?

Hapa twasema ukweli hata kama si mtamu. Kwa wengi, maumivu haya hayaishi kabisa. Lakini hupungua kiasi cha mtu kulala, kulima kidogo, kwenda Misa na kukaa na watu. Hilo ndilo lengo, nalo ni lengo jema.

Mazoezi na kutembea. Hii ndiyo dawa ya kwanza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita fisio, atakufundisha kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Ukiwa nyumbani, anza kutembea dakika tano asubuhi na jioni, na kila wiki ongeza kidogo. Usisubiri siku nzuri ukafanya kazi ya wiki nzima, halafu ukalala siku tatu. Kidogo kidogo, kila siku, hata siku ile huna hamu.

Dawa za mshipa. Maumivu ya kuwaka na ya umeme hayasikii vizuri dawa za kawaida. Daktari anaweza kuandika dawa kama amitriptilini au gabapentini. Msishangae mkisikia amitriptilini hupewa pia watu wenye huzuni, au gabapentini wenye kifafa. Kwa kiasi kidogo hutuliza mishipa. Haifanyi kazi siku ya kwanza, huchukua wiki. Usiiache ghafla bila kumwuliza daktari.

Sindano za mgongoni. Kwa wagonjwa fulani daktari bingwa huweza kuchoma dawa karibu na mshipa. Nafuu yake mara nyingi ni ya muda, ila huweza kumpa mtu nafasi ya kuanza mazoezi.

Kupasua tena. Ni lazima pale penye viini, penye mshipa unaobanwa na mguu unalegea, au chuma kilicholegea. Lakini kupasua tena kwa sababu ya maumivu tu, bila sababu iliyoonekana, mara nyingi hakuleti faida, na kila upasuaji unaofuata huwa na matumaini madogo kuliko ule wa kwanza.

Wazee wetu wanamkumbuka John F. Kennedy, rais Mkatoliki wa Marekani, ambaye familia yake mwaka 1960 ilitoa fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya katika ule mpango wa Tom Mboya. Bwana huyu, pamoja na mali yote ya kwao, alipasuliwa mgongo mara nne kati ya mwaka 1944 na 1957. Mwaka 1954 aliwekewa chuma, viini vikaingia, akazidiwa hata akapewa Mpako wa Wagonjwa. Chuma kikatolewa mwaka 1955. Maumivu hayakuisha. Mwaka 1961, akiwa rais tayari, daktari Hans Kraus alimwanzishia mazoezi ya misuli mara kadhaa kwa wiki, na ndipo akaanza kuona nafuu. Hakupona kabisa, aliendelea kuvaa mkanda wa mgongo mpaka alipouawa mwaka 1963. Lakini aliongoza nchi. Basi kama tajiri yule maumivu yalimbakia, mama wa Wundanyi asione haya.

TAHADHARI JUU YA VIDONGE

Parasetamoli ni nafuu, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, kwani huharibu ini. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumika siku chache husaidia. Zikitumika miezi hutoboa tumbo, huharibu figo na hupandisha shinikizo la damu. Hizo ndizo zilizomtapisha damu yule mama. Tramadoli humfanya mtu awe mtumwa wake, itumike kwa maandishi ya daktari tu.

Jihadharini zaidi na vidonge vya kuchanganywa katika karatasi, vinavyouzwa bila jina sokoni au na mpita njia. Mara nyingine ndani yake huwa na prednisoloni au deksamethasoni. Ukimeza unasikia umepona siku hiyo hiyo, unamsifu mwuzaji. Baadaye uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inakuwa laini kama muhogo uliooza, na pingili nyingine zinavunjika.

Kuhusu wakandaji, tunawaheshimu wazee wetu. Kukanda mabega na miguu kwa mafuta hakuna neno. Lakini mgongo uliopasuliwa usikandamizwe, usikanyagwe, wala usichanjwe kwa wembe, hasa kama kuna chuma ndani.

Na kuhusu maombi: tuombe, tena tuombe sana. Lakini katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, tunafundishwa kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani, hamsaidii.

GHARAMA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tena. Kujiandikisha ni kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa jamii. Aliyejiandikisha hutibiwa zahanati na kituo cha afya bila kulipa. Lakini kwa kulazwa na kupasuliwa, kujiandikisha peke yake hakutoshi, ni lazima mchango uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kipimo kikubwa kama MRI, uliza kwenye dawati la SHA la hospitali hiyo: wanalipa kiasi gani, na mimi naongeza ngapi? Uliza kabla, si baada.

Kama ulemavu umebaki, kwa mfano mguu uliolegea, omba hospitalini upimwe ili uandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Sisi Waafrika tunajua kuchanga mtu anapokwenda kupasuliwa. Hatujajifunza kuchanga anaporudi. Tunapendekeza haya:

1. Mnapofanya harambee ya upasuaji, tengeni sehemu ya nauli za kliniki na mazoezi kwa miezi sita. Msimalize zote siku ya kisu.

2. Siku ya kumkaribisha mgonjwa nyumbani, mwenyekiti aseme mbele ya watu wote: "Ukiumwa tena, utuambie. Hatutakuona huna shukrani." Maneno haya machache yangemwokoa yule mama.

3. Mchagueni mmoja wa kumsindikiza hospitalini na kumtembelea kila wiki. Awe mtu anayeweza kutunza siri.

4. Mpangieni zamu ya maji, kuni na majani ya ng'ombe. Akianza kupona, mpeni kazi nyepesi: kutunza vitabu vya kikundi, kupalilia miche akiwa amekaa, kuhesabu mayai. Abebe mtungi wa lita 10 badala ya 20, akikunja magoti na si kiuno.

5. Angalieni roho yake. Mtu asiyelala kwa maumivu hukata tamaa, hugombana na watu wa nyumbani, wengine huingia kwenye pombe. Akisema maisha hayana maana, msimwache peke yake. Mwiteni padre au katekista, na mpelekeni hospitalini kama mnavyompeleka mwenye homa.

Yule mama sasa yu mzima. Tumbo lilitibiwa, akapelekwa kliniki, ikaonekana kwamba mshipa wake uliumia kwa kubanwa miaka mingi. Hakupasuliwa tena. Anameza kidonge kimoja jioni, anafanya mazoezi yake juu ya mkeka, na Jumapili anapanda mwenyewe kilima cha kanisani, akipumzika mara mbili njiani. Bado anaumwa siku za baridi. Lakini siku hizi akiulizwa hali, hajibu tena "nzuri tu". Anasema ukweli, na wenzake wanamwondolea mtungi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kati yetu yuko mtu aliyepasuliwa ambaye hatujamwuliza hali yake kwa miezi mitatu? Nani atakwenda?

2. Ni maneno gani tunayosema sisi wenyewe yanayomfanya mgonjwa anyamaze?

3. Karatasi zetu za hospitali ziko wapi leo? Kila mmoja akazitafute kabla ya mkutano ujao.

4. Wangapi kikundini wamejiandikisha SHA, na wangapi wamelipa?

5. Usiku wa leo mmoja wetu akishindwa kukojoa na miguu ikalegea, tutampigia nani mwenye gari? Andikeni nambari yake ukutani.